Siku Moja Martinique: Kisiwa cha Mlima wa Moto na cha Watoto wa Afrika

Fungueni ramani ya dunia. Wekeni kidole mahali Mto Kongo unapomwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki, kisha kisogezeni upande wa magharibi, mkikipandisha kidogo kaskazini. Mtavuka maji mengi pasipo kuona nchi yo yote. Mwishoni mtakuta visiwa vidogo vimepangwa kama shanga katika uzi, na katikati ya uzi huo kisiwa kimoja kiitwacho Martinique. Wengi wetu tulilisikia jina hilo shuleni, tukalisahau. Lakini baba zetu wengine walikwenda huko pasipo ramani, wala hawakurudi. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaelezeni yale tuliyoyaona huko kwa siku moja ya matembezi.

Tulikuwa walimu watatu. Padri mmoja, mwenyeji wa kisiwa hicho, aliyewahi kufundisha katika misioni yetu, alitualika kupumzika kwake wakati wa likizo kubwa. Yeye ndiye aliyetuongoza, akiendesha motokari yake kuukuu kwa mikono ya mzee asiye na haraka.

KISIWA CHENYEWE

Martinique ina eneo la kilometa mraba 1,100 na zaidi kidogo. Yaani inakipita kisiwa chetu cha Idjwi mara tatu au zaidi, lakini ukiilinganisha na Kivu ni kama shamba kando ya msitu. Watu wake ni karibu 350,000. Wenyeji ambao Wazungu waliwakuta huko waliitwa Wakaribi, nao ndio walioipa bahari ile jina lake. Wafaransa walifika kukaa mwaka 1635, na hata leo kisiwa ni sehemu ya Ufaransa. Tangu mwaka 1946 kimehesabiwa kuwa mkoa wake. Watu husema Kifaransa shuleni na ofisini, na nyumbani husema Kikreoli, lugha iliyozaliwa katika mashamba ya miwa, mahali watumwa wa makabila mengi walipotafuta namna ya kusikilizana.

Wengi wao ni watoto wa Afrika. Ukikaa sokoni ukafumba macho, utasikia sauti za kigeni. Ukiyafumbua, utadhani umemwona shangazi yako. Muhogo upo, viazi vikuu vipo, ndizi zipo za kila namna. Tulipewa vitumbua vidogo vya samaki wa chumvi, na mwenzetu mmoja akapaza sauti: «Lakini hii ni makayabo!» Nayo kweli ni makayabo, ila imepondwa pamoja na unga na pilipili, ikakaangwa katika mafuta.

MAKANISA YA CHUMA NA NJIA YA MILIMANI

Siku yetu ilianza kwa Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Ludoviko, mjini Fort-de-France. Kanisa hilo mifupa yake ni ya chuma. Kabla yake palijengwa makanisa mengine mahali pale pale; mengine yaliangushwa na tetemeko la nchi, mengine na dhoruba, mengine yakateketea kwa moto. Mwaka 1890 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji, na mwaka uliofuata ikaja dhoruba. Ndipo mjenzi Pierre-Henri Picq alipotengeneza kanisa la chuma, likamalizika mwaka 1895. Watu wa kisiwa hicho wamezoea kujenga tena.

Karibu na hapo iko maktaba ya Schoelcher, kazi ya mjenzi yule yule, yenye rangi nyingi na kuba la kioo. Victor Schoelcher ndiye Mfaransa aliyesimamia amri ya tarehe 27 Aprili 1848 ya kuondoa utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Baadaye alitoa vitabu vyake karibu 10,000 kwa kisiwa, ili waliokuwa watumwa na watoto wao wapate kusoma. Vingi viliungua katika moto ule wa 1890. Jengo la sasa lilikuja baadaye. Hata hivyo kumbukumbu ya Schoelcher si nyepesi huko. Tarehe 22 Mei 2020 vijana waliziangusha sanamu zake mbili. Walisema kwamba uhuru haukuletwa na Mzungu mmoja kama zawadi, bali watumwa wenyewe waliudai.

Padri wetu hakuwahukumu vijana wale, wala hakuwasifu. Alitusimulia habari. Mwezi Mei 1848 amri ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi Paris, lakini barua yake ilikuwa bado inasafiri katika merikebu. Katika shamba moja upande wa kaskazini, mtumwa jina lake Romain alikatazwa kupiga ngoma wakati wenzake walipokuwa wakikuna muhogo. Yeye akaipiga. Wakamtia gerezani. Watumwa wakakusanyika, damu ikamwagika, na tarehe 22 Mei mji wa Saint-Pierre ukawaka. Siku ya pili yake, tarehe 23, gavana akatangaza uhuru pasipo kungoja merikebu. Zaidi ya watu 60,000 wakawa huru. Mwaka uliofuata serikali ililipa fidia, nayo walilipwa mabwana kwa ajili ya hasara yao. Watumwa hawakulipwa cho chote.

Kutoka mjini tulipanda njia ya milimani iitwayo Route de la Trace, ambayo husemwa kwamba ilifunguliwa kwanza na mapadri Wajesuiti. Pembeni yake, mahali paitwapo Balata, liko kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu lililojengwa kwa mfano wa Basilika ya Montmartre ya Paris, jeupe katikati ya msitu mbichi. Halafu miti mikubwa, majani mapana kama masikio ya tembo, na ukungu. Tulifikiri tumerudi katika milima ya Bukavu.

Tulimwuliza Padri: «Wajesuiti wale walikaa vipi na watumwa?» Akanyamaza kwa kona mbili tatu za njia, kisha akajibu: «Walikuwa nao. Wadominiko vile vile walikuwa na shamba la miwa na watumwa. Sheria ya mfalme ya mwaka 1685, Code Noir, iliamuru kila mtumwa abatizwe na kufundishwa dini katoliki. Na sheria hiyo hiyo ikamhesabu kama mali, sawa na meza au ng'ombe. Waliitwa watoto wa Mungu kanisani, na kitu sokoni. Wanangu, msiwafiche wanafunzi wenu jambo hili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikwenda Gorée, nchini Senegal, mwezi Februari 1992, akaomba msamaha mbele ya watu wote. Aliyeomba msamaha hakulidhoofisha Kanisa.»

Tulifika Morne-Rouge, kijiji kilicho chini ya mlima Pelée. Hapo liko kanisa la hija la Bikira Maria wa Délivrande. Ibada hiyo ililetwa kutoka Normandie, upande wa kaskazini wa Ufaransa, na Monsinyori Le Herpeur, askofu wa kwanza wa Martinique, katika miaka ya 1850. Kila mwaka mwishoni mwa mwezi Agosti wakristu hupanda huko kwa wingi. Tulisali fumbo moja la rozari, kisha tukatazama juu. Mlima ulikuwa umejifunika wingu kichwani, mpole kama mzee aliyelala.

MJI ULIOKUFA KWA DAKIKA CHACHE

Mlima huo una urefu wa mita karibu 1,400. Hata nusu ya Nyiragongo yetu yenye mita 3,470 haufiki. Lakini hakuna mlima wa moto uliowaua watu wengi kwa siku moja kama huu katika karne nzima ya ishirini.

Tulishuka mpaka Saint-Pierre, kando ya bahari. Leo ni mji mdogo wa watu 4,000 hivi. Zamani ulikuwa mji wa fahari kuliko yote ya visiwa vile. Watu waliuita Paris ndogo. Ulikuwa na theatre, bustani, taa za umeme, nyumba za biashara, seminari na lycée. Ngazi za theatre zingalipo: unapanda kwa madaha kama mgeni mheshimiwa, na juu hukuti kitu ila kuta fupi, nyasi na mbingu.

Mwezi Aprili 1902 mlima ulianza kutoa moshi na kunguruma. Majivu yakaanguka katika njia kama unga. Ndege walikufa, farasi walikohoa. Tarehe 5 Mei tope la moto lilishuka katika bonde la mto, likafunika kiwanda cha sukari cha Guérin na watu zaidi ya 20. Watu wa vijijini wakashika vikapu na watoto, wakakimbilia mjini, wakidhani kwamba huko ndiko salama.

Kwa nini mji haukuhama? Watu wamebishana tangu siku ile. Uchaguzi ulikuwa karibu: duru ya pili ilikuwa ifanyike Jumapili, tarehe 11 Mei. Gavana Mouttet aliunda tume ya kuuchunguza mlima, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa mwalimu wa sayansi wa lycée. Tarehe 7 Mei tume ilisema kwamba, kwa jinsi mabonde yalivyo, Saint-Pierre haina hatari. Hawakuwa watu wabaya. Walidhani hatari ya mlima ni mito ya moto ifuatayo mabonde, kama maji ya mvua. Namna nyingine ya kifo hawakuijua. Gavana mwenyewe alikwenda mjini pamoja na mke wake ili kuwatuliza watu, wakafa huko. Mwalimu yule naye akafa pamoja na mji.

Siku ya pili yake, Alhamisi tarehe 8 Mei, ilikuwa siku kuu ya Kupaa kwa Bwana. Wakristu walikuwa wamevaa nguo nzuri; wengine walikuwa kanisani, wengine njiani. Mnamo saa mbili na dakika mbili ya asubuhi ubavu wa mlima ulipasuka. Hapakutoka mto wa moto. Lilitoka wingu zito la hewa inayounguza, majivu na mawe, likatambaa juu ya nchi kwa mwendo ambao hakuna farasi wala motokari ya siku zile ingaliweza kuukimbia. Wataalamu waliliita wingu liwakalo, na tangu siku ile jambo hilo linafundishwa katika vyuo vyote vya dunia. Kwa dakika chache tu watu karibu 28,000 walikufa. Bandarini merikebu ziliwaka na kuzama. Merikebu moja, Roddam, ilikata nanga, ikafika kisiwa cha Saint Lucia ikiwa imejaa majivu na maiti.

Katika nyumba ya makumbusho tuliona kengele ya kanisa iliyopondeka kwa moto kama kibuyu kilichokanyagwa. Tuliona pia misumari iliyoshikana kuwa kitu kimoja, na vyombo vya kioo vilivyoinama kama mshumaa. Juu ya kilima kinachotazama bandari kuna sanamu ya Bikira Maria, mlinzi wa mabaharia. Siku ile nguvu ya wingu iliing'oa sanamu kubwa iliyokuwapo ikaitupa mbali na msingi wake. Leo Bikira Maria amesimama tena pale pale, uso kwa bahari.

MTU MMOJA KATIKA GEREZA

Karibu na theatre uko ua wa gereza la zamani. Kati yake kuna kijumba cha mawe, kuta nene, paa la mviringo, mlango mfupi na tundu nyembamba juu yake. Mle alikuwa amefungwa kijana mweusi jina lake Cyparis, kwa kosa la kumjeruhi mwenzake. Baada ya siku tatu watu waliokuja kutafuta walisikia sauti chini ya kifusi. Alikuwa ameungua vibaya mgongoni na miguuni, lakini alikuwa hai. Katika mji wote walipona watu wawili watatu tu. Mwingine alikuwa fundi viatu jina lake Léandre, aliyekaa pembeni ya mji. Baadaye Cyparis alichukuliwa Marekani, akaonyeshwa katika sarakasi ya Barnum and Bailey kama mtu aliyeishinda siku ya mwisho.

Sisi watatu tuliingia katika kijumba hicho mmoja mmoja. Mle ndani ni giza, na baridi hata adhuhuri. Mwenzetu mmoja alitaka kusema kwamba Mungu alimwokoa mkosaji akawaacha wema. Padri akamkatiza: «Usiseme hivyo, mwanangu. Waliokuwa kanisani hawakuwa wabaya kuliko wewe. Bwana wetu alipowataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema nini? Ukuta mnene ulimwokoa Cyparis. Nasi tujifunze kujenga kuta, na kuondoka mapema.»

Mlima haukutosheka. Tarehe 30 Agosti ya mwaka ule ule ulilipuka tena, ukaua watu kama elfu moja, wengi wao wa Morne-Rouge. Ukaamka tena toka mwaka 1929 mpaka 1932. Lakini safari hiyo watu walihamishwa. Leo kuna nyumba ya wataalamu wanaousikiliza mlima usiku na mchana. Mwaka 2020 waliona dalili za mabadiliko chini ya ardhi, wakawaonya watu wakae macho. Mwaka 2023 milima ile na misitu yake iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Na kati ya majivu, watu walirudi. Kijana Victor Depaz alikuwa masomoni Ufaransa siku ya kifo. Jamaa zake waliangamia. Alirudi, akanunua ardhi, akapanda miwa, na mwaka 1917 akafungua kiwanda chini ya mlima ule ule. Kiwanda kinafanya kazi hata leo. Majivu ya mlima wa moto yanaua, kisha yanarutubisha. Wakulima wa Rutshuru na Masisi wanalijua neno hilo kuliko sisi.

SANAMU KUMI NA TANO

Baada ya chakula tulivuka kisiwa mpaka kusini, kijiji cha Le Diamant. Baharini mbele ya kijiji linasimama jabali refu la mita 175. Mwaka 1804 askari Waingereza waliopigana na Wafaransa walipandisha mizinga juu yake, wakakaa humo zaidi ya mwaka, na kuliandika jabali katika daftari ya merikebu zao kama kwamba nalo ni merikebu. Tulicheka kwa habari hiyo. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Anse Caffard, juu ya majani mafupi yanayoteremka baharini, wanasimama watu kumi na watano wa saruji, weupe, kila mmoja mita mbili na nusu. Mabega yameinama, mikono imelala pembeni, vichwa vinatazama chini na mbele. Wamepangwa kama pembe tatu, kwa kumbukumbu ya ile biashara ya pembe tatu ya Ulaya, Afrika na Amerika. Nyuso zao zimeelekea upande wa Ghuba ya Guinea, yaani upande wa Afrika. Kazi hiyo ni ya msanii Laurent Valère, mwana wa kisiwa, aliyeifanya mwaka 1998, miaka 150 baada ya kuondolewa kwa utumwa. Weupe ule ni rangi ya maombolezo.

Habari yao ni hii. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1830 merikebu moja ilivunjika juu ya miamba ya pwani ile. Hata leo jina lake halijulikani, maana ilikuwa ya wevi: sheria ya Ufaransa ilikuwa imekataza biashara ya watumwa tangu mwaka 1818, lakini waliendelea kuwaleta kwa siri. Watu wa pwani walisikia vilio gizani, wakatelemka na kuokoa waliokuwa wakining'inia penye mwamba. Waliokolewa Waafrika 86, na 60 kati yao walikuwa wanawake. Maiti ziliokotwa 46. Mabaharia Wazungu walizikwa katika makaburi ya kijiji. Waafrika walizikwa nje, mbali kidogo na pwani. Na wale 86 waliopona? Hawakuwa watumwa wa mtu, maana sheria ilikataza. Wala serikali haikutaka kuwaona wakitembea huru kati ya watumwa. Basi wakapakiwa tena merikebuni, wakapelekwa Cayenne, nchi ya Guyane.

«NYINYI WATU WA KONGO»

Kando ya njia alikaa mama mzee mwenye kilemba cha kitambaa cha mistari, akiuza peremende za nazi. Alitutazama kwa muda, kisha akauliza kwa Kifaransa:

«Mmetoka wapi, wanangu?»

«Kongo, Mama.»

Akaweka kisu chini. «Nilipokuwa mtoto, neno hilo lilikuwa tusi. Mtoto mweusi sana aliitwa Kongo, akalia. Mimi mwenyewe nililia. Kumbe bibi yangu alikuwa akisema kwamba baba yake alitoka kwenu, baada ya uhuru, katika merikebu.»

Hayo ni kweli, wasomaji wapenzi. Watumwa walipokwisha kuwa huru, wenye mashamba walitafuta mikono mingine. Kati ya mwaka 1857 na 1862 waliletwa Martinique Waafrika zaidi ya 10,000, wengi wao kutoka pande za Mto Kongo karibu na bahari. Waliitwa wafanyakazi wa mkataba wa miaka kumi. Lakini mkataba ulianza hivi: wafanya biashara waliwanunua kwa wale waliokuwa wamewashika, wakawaambia kwamba sasa wamekombolewa, kisha wakawapandisha merikebuni. Walioona tena nchi yao walikuwa wachache sana.

Mama akaendelea: «Nataka kuwauliza neno ambalo sijapata mtu wa kumwuliza. Watu wake walimwuza, au walimtafuta? Huko kwenu, kuna mtu aliyewahi kutuulizia?»

Sisi ni walimu. Kazi yetu ni kujibu. Mbele ya mama yule tulitazama mchanga. Mwishoni mkubwa wetu akasema: «Mama, wengine waliuzwa na wakubwa wao kwa nguo na bunduki. Wengine walikamatwa vitani. Na wako mama waliolia mpaka kufa, wakiangalia njia. Babu yako alikuwa mmoja wao, lakini hatuwezi kukuambia ni yupi. Shuleni kwetu habari zenu hazikufundishwa. Tutazifundisha.»

Akakitwaa kisu chake, akakata peremende kumi na mbili, akazifunga katika karatasi. Mwenzetu akadhani ni zawadi, akashukuru. «Euro sita,» akasema mama. «Ndugu au si ndugu, nazi ni nazi.» Kisha akamshika mkono, na hakumwachilia upesi.

Mtu mmoja wa kisiwa hicho hakutusahau. Aimé Césaire, mshairi, aliyekuwa burgomesta wa Fort-de-France toka mwaka 1945 mpaka 2001, aliandika mwaka 1966 mchezo wa kuigiza juu ya Patrice Lumumba na siku za uhuru wetu, Une saison au Congo. Alikufa mwaka 2008. Uwanja wa ndege ambao sisi tulishukia unaitwa kwa jina lake. Je, wangapi kati yetu tulio na shahada wamewahi kukishika kitabu hicho?

NENO LETU KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Siku ile moja ilitufundisha mambo mawili, nasi tunayaweka mbele yenu.

La kwanza ni juu ya mlima wa moto. Sisi wa Kivu tuna mlima wetu. Nyiragongo ulimwaga moto tarehe 10 Januari 1977. Ukaumwaga tena tarehe 17 Januari 2002, mto wa moto ukapita katikati ya Goma na kuliteketeza kanisa kuu. Na tena usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, ukasimama penye nyumba za kwanza za mji. Kila mara tumerudi na kujenga juu ya mawe meusi hata kabla hayajapoa vema. Hatuwalaumu waliorudi, maskini hana pa kuchagua. Lakini Saint-Pierre inatuambia kwamba mlima haufuati daima njia ya jana, wala hautazami ratiba ya uchaguzi. Basi baba wa nyumba aijue njia ya kukimbilia, na watoto waijue. Mahali pa kukutania pawekwe kabla ya hatari. Wataalamu wa Goma wanaousikiliza mlima wapewe vyombo na mshahara wao, maana mlinzi asiyekula hulala. Na anayesema kwamba hakuna hatari aseme pia amejuaje.

La pili ni juu ya ndugu zetu. Tumezoea kusema kwamba utumwa ulikuwa kosa la Wazungu na la Waarabu, nao kweli wana hatia kubwa. Lakini mama yule aliuliza juu yetu. Aliyemkamata mwana wa jirani akamtelemsha mpaka pwani alikuwa mweusi kama sisi. Dhambi hiyo haijafa. Yupo leo anayempeleka mtoto wa nduguye mjini kwa ahadi ya shule, akamfanya mtumishi asiye na mshahara. Wapo watoto wanaochimba mawe ya madini ili wengine watajirike. Aliyebatizwa akitenda hivyo, anairudia ile sheria ya mwaka 1685: mtoto wa Mungu kanisani, kitu sokoni.

Nanyi wanafunzi, tunawapeni kazi moja nyepesi. Waulizeni babu na bibi zenu kama katika ukoo wenu yuko mtu aliyechukuliwa asirudi. Mkipata jina, liandikeni. Mkikosa jina, andikeni kwamba alikuwapo. Nalo somo la historia likifika penye visiwa vya Karibi, msilipite mbio. Mwezi Mei, tarehe 22, watu wa Martinique hupumzika kazi na kupiga ngoma kwa ukumbusho wa uhuru wao. Ngoma ile ile ambayo Romain alikatazwa. Siku hiyo ombeni Salamu Maria moja kwa ajili ya waliozama, waliouzwa, na wale waliowauza. Wapo ng'ambo ya bahari wanaotungoja tuwaulizie.